Mimba za utotoni: binti anapiga hesabu nyingine kabisa

Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu.

Kila uzi wa mimba za utotoni ukianzishwa humu, kabla ya ukurasa wa pili unakuwa umeshageuka kesi ya maadili. Mabinti hawasikii, simu zimewaharibu, wazazi wamelegea, basi. Leo naomba tuzungumzie hatari yenyewe: nani anaipima, anaipima kwa kipimo gani, na mambo yakiharibika nani anabebeshwa mzigo.

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kunirukia anirukie kwa hoja. Wasichana wengi wanaopata ujauzito wakiwa na miaka 15 hadi 19 wanajua vizuri mimba inapatikanaje. Ila siku ile walikuwa na hatari nne au tano mbele yao, na ya mimba ikaonekana ndogo kuliko zote. Ukishawaita wajinga, huna tena cha kuwauliza.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa wa jambo. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019, wasichana wa umri huo katika nchi za kipato cha chini na cha kati hushika mimba milioni 21 kwa mwaka, na karibu nusu ya hizo hazikutarajiwa. Si jambo dogo. Lakini mwelekeo ni wa kushuka: duniani kote, mwaka 2000 kulikuwa na vizazi 64.5 kwa kila wasichana 1,000 wa miaka 15 hadi 19, na mwaka 2023 vilikuwa 41.3. Ukisikiliza mijadala utadhani vinapanda kila mwaka.

Kelele kupishana na takwimu si jambo geni. Chukua Marekani, ambao kumbukumbu zao ni ndefu. Kilele chao kilikuwa mwaka 1957, vizazi 96.3 kwa kila wasichana 1,000, na hakuna aliyetangaza janga. Wengi wa wasichana wale walikuwa wameolewa, na pale mimba ilipotangulia, ndoa ilifungwa chapchap kabla tumbo halijaonekana. Ni katika miaka ya 1970, kiwango kikiwa kimeshaporomoka, ndipo mimba za vijana zikawa tatizo la taifa lenye bajeti na wataalamu wake. Mwaka 2023 walikuwa wamefika 13.1.

Miili ya wasichana ni ile ile. Ila shule imerefuka, ndoa imesogea mbele, na kazi ambazo mtu aliweza kulishia familia bila cheti zimepungua. Kuzaa na miaka 18, ambako zamani kulikuwa kuanza maisha mapema, sasa kunahesabiwa kuwa kuharibu maisha. Hatari hiyo ni ya kweli, sikatai. Ila sehemu yake kubwa tumeitengeneza wenyewe kwa namna tulivyopanga mambo yetu.

Mwanasosholojia wa Ujerumani, Ulrich Beck, aliandika mwaka 1986 kwamba tumeingia katika jamii ya hatari, yaani hatari zinazotusumbua zaidi zinazaliwa na maendeleo yetu wenyewe. Alikuwa akifikiria zaidi nyuklia na kemikali, na mwaka huo huo Chernobyl ikalipuka. Lakini kuna kipande cha hoja yake kinachotuhusu hapa: matatizo yanazalishwa na mfumo mzima, halafu mtu mmoja mmoja anaambiwa ayatatue kwa maamuzi yake binafsi. Soma, panga, jilinde, chagua vizuri, na ukianguka ni juu yako. Mpe mzigo huo mtu mzima mwenye mshahara uone atakavyolalamika. Sisi tunampa binti wa miaka 16 ambaye hata nauli anaomba.

Sasa tuingie chumbani kidogo, bila kuoneana haya.

Binti yuko na mwenzake. Kondomu akiitoa yeye, ataulizwa alikuwa anaiwekea nani. Akimwomba kijana avae, ataambiwa hamwamini. Vidonge akivificha, mama akipekua mkoba ni kikao cha ukoo. Akienda kliniki, anayemhudumia anaweza kupaza sauti, "Wewe una miaka mingapi?", na foleni nzima ikageuka kumtazama. Kila moja ya hizo ni hatari ya leo, karibu ya uhakika, na inauma papo hapo. Mimba ni jambo la labda, tena la mwezi ujao.

Na hiyo labda ina mtego wake. Mwanamke anaweza kushika mimba katika siku 6 hivi za mzunguko: siku 5 kabla ya yai kutoka, na siku lenyewe linapotoka. Kwa hiyo tendo moja, kwenye siku yoyote tu, mara nyingi halizai kitu. Binti anafanya, hedhi inakuja. Anarudia, inakuja. Uzoefu wake mwenyewe unamfundisha kwamba watu wazima wanatisha tu, au kwamba yeye si wa kushika haraka. Na bado, ukichukua wanawake 100 wanaofanya mapenzi bila kinga yoyote kwa mwaka mzima, karibu 85 watashika mimba. Yote mawili ni kweli. La kwanza analiona kwa macho yake kila mwezi, la pili liko kwenye karatasi ambayo hakuna aliyemwonyesha. Ni akili ile ile ya dereva asiyefunga mkanda kwa sababu jana hakufunga na alifika salama, na madereva hao wengi ni watu wazima wenye digrii zao.

Wanaotegemea kuhesabu siku kwenye kalenda nao wana kazi. Miaka michache ya kwanza baada ya kuvunja ungo, mzunguko wa wasichana wengi haujatulia, na mbegu za kiume zinaweza kukaa hai hadi siku 5. Hapo unahesabu kitu kinachohamahama.

Kondomu ikitumika sawasawa kila mara, wanawake 2 kati ya 100 watapata mimba ndani ya mwaka. Kwa matumizi ya watu wa kawaida, ni 13. Pengo hilo kutoka 2 hadi 13 si la mpira kupasuka tu. Humo ndani kuna kuivaa katikati ya safari, kuna "leo tu bila", kuna aibu ya kusema subiri kwanza. Kijiti cha uzazi wa mpango, kile kinachowekwa mkononi, kiko chini ya 1 kwa sababu kikishawekwa hakihitaji ruhusa ya mtu yeyote usiku.

Mtasema basi tuwatishe zaidi. Limeshajaribiwa. Australia Magharibi, katika shule 57, baadhi ya wasichana wa miaka 13 hadi 15 walipewa mwanasesere wa kielektroniki anayelia usiku, anayetaka kulishwa na kubadilishwa nepi, ili waonje ugumu wa ulezi. Matokeo yalitoka mwaka 2016 katika jarida la The Lancet. Walipofikia miaka 20, waliopewa mwanasesere 17 kati ya 100 walikuwa wameshika mimba angalau mara moja. Wasiopewa, 11 kati ya 100. Mimi binafsi nadhani walionja pia kitu ambacho waandaaji hawakukipanga: wiki ile kila mtu aliwasikiliza, akawauliza habari za mtoto, akawaona watu wazima.

Linganisha na kazi ya mwanauchumi Pascaline Dupas huko magharibi mwa Kenya, iliyochapishwa mwaka 2011. Mtaala uliokuwapo ulihimiza kusubiri hadi ndoa, ngono yote ikiwekwa kapu moja la hatari. Kuwafundisha walimu mtaala huo hakukupunguza mimba. Shule nyingine zikapata kipindi kimoja kifupi kilichowaonyesha wasichana viwango vya maambukizi ya VVU kwa wanaume kulingana na umri: wavulana wa rika lao chini, wanaume wakubwa juu sana. Ndani ya mwaka mmoja uzazi katika shule hizo ulipungua kwa asilimia 28, na zilizopungua zaidi ni mimba za wanaume wakubwa.

Tazameni tofauti. Hapa msichana alipewa ulinganisho anaoweza kuutumia leo jioni: huyu ni hatari kuliko yule. "Yote ni hatari" ni sentensi isiyomsaidia kuchagua chochote, kwa hiyo anaichukulia kama kelele za kawaida za wakubwa.

Nawasilisha. Matusi wekeni pembeni, hoja leteni.

---

Baba Wawili

Mkuu umeandika vizuri ila mwisho wa siku unatetea uzembe kwa lugha ya chuo. Mtoto amelishwa, amevishwa, amepelekwa shule, ameambiwa wazi asifanye. Anafanya. Halafu tuseme jamii ndiyo imekosea hesabu? Huyo Beck hakulea binti nyumbani kwangu.

---

Mkunga Mstaafu

Mleta mada, nimekusoma hadi mwisho na kuna mahali umepita mbio. Kuna hatari ambazo hazikutengenezwa na shule wala ndoa. Ziko kwenye mwili.

Mama wa miaka 10 hadi 19 ana uwezekano mkubwa kuliko wa miaka 20 hadi 24 wa kupata kifafa cha mimba na maambukizi ya kizazi baada ya kujifungua. Mtoto wake ana uwezekano mkubwa wa kuwa njiti au kuzaliwa na uzito pungufu. Nyonga ya mtoto wa miaka 13 haijamaliza kukua. Uchungu ukikwama na msaada ukachelewa, ndipo fistula inapopatikana, na huko anatoka mtu anayevuja mkojo akiwa na umri wa kucheza. Hayo usiyaweke kwenye kapu la "tumetengeneza wenyewe".

Nikushike mkono kwa jambo moja. Miaka 13 na miaka 18 si mtu mmoja. Wa 18 aliyekula vizuri, mwenye damu ya kutosha na aliyeanza kliniki mapema, mara nyingi anajifungua bila kisa. Anayeniogopesha ni aliyejificha.

Huyo nilimjua akiingia tu. Sweta kubwa, na nje jua kali. Mimba ya wiki 28, kadi haina tarehe hata moja. Ukimuuliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini, anamtazama kwanza aliyemsindikiza kabla ya kujibu. Presha haijawahi kupimwa, wingi wa damu haujulikani, miguu imevimba na anadhani ni kawaida. Kama ni kifafa cha mimba, dalili zimeshakuwapo muda mrefu: kichwa kinauma, macho yanaona vimulimuli, na hakumwambia mtu kwa sababu kusema kichwa ni kusema tumbo.

Kwa hiyo aibu yenyewe inaingia kwenye mwili. Hapo ndipo mimi na wewe tunakutana.

---

Mleta mada

Mama mkunga, shikamoo. Hicho cha mwisho ndicho nilichokuwa nakitafuta, ila nisingeweza kukisema hivyo.

Kuhusu mwili sina ubishi. Nakuongezea la upande wa pili, kwenye umaskini, maana nako watu huupa umri lawama zote. Tumezoea kusikia: alizaa mapema, ndiyo maana ni maskini. Mwaka 1992 watafiti Arline Geronimus na Sanders Korenman walilinganisha ndugu wa tumbo moja huko Marekani, dada aliyezaa akiwa kijana na dada aliyesubiri. Tofauti ya maisha yao baadaye ilikuwa ndogo sana kuliko inavyoonekana ukilinganisha wasichana wa nyumba tofauti. Joseph Hotz na wenzake wakaja na njia nyingine: waliopata mimba wakazaa, na waliopata mimba zikatoka zenyewe. Kwenye kipato cha baadaye, hasara iliyodhaniwa kubwa ikakaribia kupotea.

Maana yake sehemu nzuri ya umaskini ilikuwepo kabla ya mimba. Na hili linarudi kwenye hesabu ya binti. Kumwambia "utapoteza maisha yako ya baadaye" kunafanya kazi kwa yule anayeyaona hayo maisha. Asiyeona mtu hata mmoja anayemfahamu aliyefika huko kwa kusubiri, unamtishia kumnyang'anya kitu ambacho hajawahi kukishika.

---

Mama Kijana

Mimi nilizaa na miaka 17. Huwa nasoma nyuzi hizi bila kuchangia, ila leo acha niandike.

Nilikuwa wa tatu darasani. Nilijua kila kitu: kondomu, vidonge, siku za hatari, hata michoro ya mirija niliichora kwenye mtihani nikapata. Kilichonishinda ni kwamba aliniambia nikitaka kondomu basi nina mtu mwingine, na wakati ule kuonekana nina mtu mwingine kuliniogopesha kuliko mimba. Mleta mada hilo umelipatia.

Lakini umesahau hesabu ya pili, ile inayopigwa baada ya hedhi kuchelewa. Watu wanadhani binti anakaa kimya kwa sababu ni mpumbavu. Mimi nilikuwa napima: nikimwambia mama leo, leo nyumba inawaka. Nikisubiri wiki moja, huenda ikaja. Kila wiki hesabu ilikuwa ile ile, na kila wiki jibu lilikuwa subiri. Nilipokuja kusema, hakukuwa na cha kuamua tena.

Shule niliyosoma ilinipima mkojo pamoja na wasichana wengine, tukiwa tumepanga mstari, wavulana wakituchungulia dirishani. Aliyenipa mimba alikuwa hatua chache kutoka pale, darasa la juu yangu. Hakuna kipimo alichopimwa. Alifanya mtihani wake wa mwisho, akasherehekea, na familia yao ikasema mtoto si wao.

Baba Wawili, mimi pia nililishwa, nikavishwa, nikaambiwa nisifanye.

---

Chaki Nyeupe

Mama Kijana, pole na hongera kwa kusema.

Mimi ni mwalimu. Hapo kwenye mkojo na mstari ndipo mjadala wa hatari unapovuliwa nguo. Tunasema mimba itakuharibia masomo, kana kwamba mimba yenyewe inakuja na barua ya kufukuza. Anayeandika barua ni mkuu wa shule. Sierra Leone iliwazuia wasichana wajawazito kuingia madarasani kwa miaka kadhaa, Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ikasema Desemba 2019 kwamba huo ni ubaguzi, na Machi 2020 marufuku ikaondolewa. Tanzania iliruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi katika mfumo rasmi Novemba 2021. Siku moja kabla ya tangazo, mimba ilimaanisha mwisho wa shule. Siku iliyofuata, ikamaanisha likizo ngumu. Tumbo lile lile.

Wenzangu wengi hujibu kwamba ukiwaruhusu kurudi unawahamasisha. Sijawahi kukutana na msichana aliyebeba mimba kwa sababu aliahidiwa kurudi darasani na mtoto mgongoni.

Na kwa wanaotaka mfano wa nchi iliyoshusha namba: Uingereza ilizindua mkakati mwaka 1999 kwa ajili ya England. Huduma za uzazi wa mpango zinazowapokea vijana bila kuwafokea, elimu ya mahusiano shuleni, msaada kwa wale ambao tayari ni wazazi. Kutoka 1998 hadi 2014 mimba za walio chini ya miaka 18 zilipungua kwa zaidi ya nusu. Ilichukua miaka mingi na fedha, na haikuwa kampeni ya mabango.

---

Mpita Njia

Nina kero moja na uzi mzima, na naomba mleta mada usinikasirikie. "Hesabu", "hatari", "maamuzi"... lugha hii inamfanya kila msichana aonekane kama alikaa chini akachagua. Duniani kote watoto wa miaka 10 hadi 14 wanazaa karibu mara nusu milioni kwa mwaka. Mtoto wa miaka 12 alichagua nini? Huyo hakuchukua hatari yoyote. Kuna mtu mzima aliyepiga hesabu yake mwenyewe, akaona uwezekano wa kushtakiwa ni mdogo, na alikuwa sahihi.

Hata kwa wa miaka 16, mwenza mwenye miaka 30 na fedha mfukoni si "mwenza". Yule mwanauchumi alifanya jambo zuri kuwaonyesha wasichana nani hatari zaidi. Ila bado aliyeambiwa abadilike ni msichana. Wanaume wakubwa walipewa kipindi gani?

---

Mleta mada

Sina cha kukasirikia. Ndiyo maana nilianza kwa kutaja umri wa 15 hadi 19, lakini hata humo ndani waliolazimishwa au kurubuniwa wapo wengi, na kwao neno "uamuzi" ni dhihaka. Hoja yako kuhusu hesabu ya mwanaume nimeipenda kuliko yangu. Mwanaanthropolojia Mary Douglas alieleza kwamba namna jamii inavyoizungumzia hatari inafanya pia kazi ya kugawa lawama. Ukitaka kujua lawama imeshagawiwa kwa nani, angalia nani aliyepangwa mstari kupimwa mkojo.

---

Baba Wawili

Nimesoma yote. Sijakubaliana na yote, hasa hili la vijiti: sitaki kliniki iwape watoto bila mzazi kujua. Mzazi ni mzazi.

Ila Mama Kijana umenigusa pale kwenye kusubiri wiki moja, na nyingine, na nyingine. Nina wa kike wa miaka 15 na wa kiume wa 17. Mama mkunga, acheni nadharia: nikirudi nyumbani leo namwambia nini huyu binti? Mimi nikianza kuongea hayo mambo anaangalia dari.

---

Mkunga Mstaafu

Aangalie dari, masikio yako wazi. Usimkalishe kikao. Sema mkiwa mnafanya kitu kingine, na useme kidogo.

La kwanza ni hili la nyumba kuwaka. Mwambie kwa maneno yako kwamba siku yoyote akipatwa na jambo, hata kama amekukosea, anakuja kwako au kwa mama yake siku hiyo hiyo, na siku hiyo hutafoka. Utafoka kesho yake ukitaka. Halafu siku ikifika, ushike neno, maana atakujaribu kwanza kwa jambo dogo: simu iliyovunjika, mtihani aliofeli. Ukiwaka hapo, la mimba hutalisikia.

La pili ni saa, na hili wazazi wengi hawalijui. Kuna vidonge vya dharura. Vile vya levonorgestrel vinatakiwa vimezwe mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Vya ulipristal vinafika hadi saa 120. Kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 kinafanya kazi kuliko vyote. Hakuna hata kimoja kinachotoa mimba iliyokwisha kutunga. Sasa wewe piga hesabu: binti anayemwogopa baba yake kwa siku tatu, saa 72 zimeishia kwenye kuogopa.

La tatu, kama kuna mtu amemlazimisha, saa hizo hizo 72 ndizo za kuanza dawa za kuzuia VVU. Mpeleke hospitali kabla hajaoga na kabla hamjafua nguo zake. Kumtafuta mtu huyo kutafuata.

Kipimo cha mkojo kinaaminika kuanzia siku hedhi ilipotakiwa kuja ikakosekana. Kama hakumbuki tarehe zake, siku 21 baada ya tendo. Akipima mapema akaona hakuna, asishangilie, arudie.

Kuhusu vijiti tutabishana siku nyingine, na utanikuta nimesimama pale pale.

---

Baba Wawili

Asante mama. Na wa kiume?

---

Mkunga Mstaafu

Maneno hayo hayo, saa hizo hizo. Ongeza kwamba binti akisema tuvae, jibu ni kuvaa, na kwamba mimba ikitokea utakwenda naye wewe mwenyewe kwenye nyumba ya watu kabla hawajaja kwako. Mwambie hilo mapema, na umwambie mbele ya dada yake.